Bibi Mkinga alikuwa anauza nini?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Makambako aliniandikia: "Kaka, natafuta habari za bibi mzaa baba yangu. Kila ninayemuuliza ananijibu alikuwa mke wa fulani, basi, kimya. Nianzie wapi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nimejaza simu. Ngoja niyaseme hapa, maana najua mko wengi mnaotaka jambo hilihili, na mimi ada yake nimeshailipa kwa nauli na kwa maneno ya ndugu.

Mimi nilikuwa namtafuta bibi yake baba. Wazee wa Sisimba, hapa Mbeya, wanamtaja kwa jina moja tu, Bibi Mkinga. Mji huu umeanza 1927, na kwetu husemwa kwamba yeye alijenga wakati bado fisi wanalia pale penye maduka leo. Tukisikia neno walowezi tunawaza Wazungu wa Mufindi na chai yao. Haya, na mwanamke aliyevuka milima kwa miguu akaweka mafiga matatu kwenye mji ambao haujawa mji, yeye tumwiteje?

Nyumbani tulilishwa hadithi fupi: "Alimfuata mumewe, aliyekwenda kuchimba dhahabu Chunya." Hadithi ya heshima, haina kona. Nimeiamini mpaka nina mvi.

Nilianza vibaya. Nilishika jina la ukoo la mumewe nikakimbia nalo hadi Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, siku tatu nasoma mafaili ya machimbo ya Lupa, hukohuko Chunya. Dhahabu ilionekana kule 1922, na miaka ya thelathini watu walimiminika kutoka kila upande, kwa hiyo karatasi zipo. Leseni zipo, barabara zipo, vibarua wapo, malalamiko ya Wazungu ndiyo usiseme. Wanawake weusi, katika yote niliyofunua, hawana majina. Kodi ya kichwa alidaiwa mwanaume. Mwanamke akiingia kitabuni, anaingia kama mke wa mtu. Nilirudi Mbeya na kikohozi cha vumbi la mafaili.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja wa Mwanjelwa, amepita miaka tisini, ambaye nilimwendea kwa sababu tu mvua ilinikuta karibu na kwake. Nikaamkia, nikaanza wimbo wangu: aliolewa na nani, ukoo gani. Akanikatiza. "Mjukuu wangu, hayo ya kuolewa mimi sijui. Niulize alikuwa anauza nini."

Alikuwa anauza magimbi na viazi vya kuchemsha kwa watu wa malori ya Chunya. Anafungia kwenye jani la mgomba, chumvi anaiweka pembeni kwenye kijani chake kidogo ili isilowe. Asiyejua kusoma huyo, lakini hadaiwi wala hadai kwa kubahatisha: alikuwa na kamba ya katani kiunoni, kila mdeni na sehemu yake, kila deni fundo moja. Dereva akilipa, anafungua fundo mbele yake. Bibi wa Mwanjelwa alinionyesha kwa upindo wa khanga yake namna vidole vilivyokuwa vinakwenda. Halafu, kama anayemalizia tu habari za viazi, akasema: "Mama yangu alikuwa akisema alifika hapa na mtoto mgongoni. Mume alimpatia hapahapa."

Yule mtoto ndiye babu yangu.

Sasa ushauri, na ninausema kwa herufi kubwa moyoni: mwanamke wa zamani usimtafute kwa mume wake. Mtafute kwa kazi ya mikono yake. Waulize wanawake wenzake. Na andika siku hiyohiyo, usiseme nitakumbuka. Nimepoteza majina mawili kwa "nitakumbuka".

Baada ya hapo nikapanda Makete, kwao Wakinga, kwa njia ya Kitulo, baridi inakata masikio, kutafuta vitabu vya ubatizo. Ukinga ulihubiriwa na wamisionari wa Berlin, kwa hiyo vitabu vya zamani ni vya Kijerumani. Mjue pia kwamba vina pengo: Waingereza walipoingia nyanda hizi 1916 wamisionari Wajerumani waliondolewa, wakaanza kurudi katikati ya miaka ya ishirini. Ukiambiwa bibi yako alibatizwa wakati wa vita, usishangae kumkosa. Mara ya kwanza mtunza vitabu wa usharika mmoja (siutaji) alinirudisha getini kama mwizi wa kuku. Nikarudi na barua ya mchungaji wangu, mlango ukafunguka. Kwa hiyo: barua. Usiende bila barua.

Kitabu kimeliwa na panya kwenye kona. Mwandiko ule wa Kijerumani cha kale, herufi e inafanana na n, unaweza kulia. Nikapiga picha, nikamtumia mwalimu mstaafu aliyewahi kusoma Leipzig. Akanisomea usiku kwa simu. Bibi yupo. Mtoto yupo, 1928. Mahali pa jina la baba pamepigwa mstari, umenyooka kabisa, wa rula. Na pembeni ya jina la bibi kuna neno moja, "verzogen". Amehama.

Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu yenyewe. Nikalipeleka kwenye kikao cha ukoo mwezi wa kumi na mbili, nimelichapa vizuri, nakala kumi. Baba mdogo hakushika hata moja. Aliniuliza mbele ya wakwe: "Unatafuta shamba la nani?" Shangazi akasema nafukua makaburi, nataka watu waseme bibi yetu alikuwa mwanamke wa Chunya. Mnajua maana yake neno hilo likisemwa kwa sauti ile. Nakala saba nilirudi nazo, ziko kabatini mpaka leo. Jina la ukoo lililo kwenye kitambulisho changu ni la yule mume aliyepatikana Mbeya, mtu mwema, alimlea babu, na sina nia ya kulibadilisha. Nilitaka tu aliyebeba mtoto kuvuka Kitulo asihesabiwe kama mzigo uliomfuata mwanaume.

Na nyie mnaoona haya kuuliza, mnangoja nini? Wale wa miaka tisini hawangojei likizo yenu. Mnakwenda msibani, mnakula wali, mnarudi mjini, na marehemu ndiye aliyekuwa anajua. Waulizeni. Andikeni. Nimeshasema andikeni? Andikeni.

Dada wa Makambako nilimtumia haya yote kwa kifupi. Jana amenijibu. Amemuuliza mama yake mkubwa swali moja tu, lile la viazi, na mama mkubwa akacheka, akasema: "Huyo? Alikuja na vyungu kichwani. Vile vyembamba, vya ziwani." Vyungu vya Wakisi hivyo, wa pwani ya Ziwa Nyasa. Kumbe familia nzima inamwita Mbena, mtu wa Njombe. Nimemwambia akusanye nauli, apande gari la Kyela, aunganishe hadi Matema, na akifika awatafute wanawake wanaofinyanga kabla hajauliza ofisi ya kijiji iko wapi.