Kabla ya kununua bao, tia mkono shimoni

Bao langu la kwanza nililinunua sokoni hapa Mbeya kwa kuvutiwa na vanishi. Liling'aa. Wiki ya pili tulishakorofishana mimi na kaka yangu, maana kete zilikuwa zinaruka kutoka shimo moja hadi la jirani na kila mmoja anadai ni yake. Mzee mmoja jirani yetu, mtu wa Pwani aliyehamia Uyole, alipitisha vidole kwenye mashimo akasema, "Mwanangu, haya hayashiki kete."

Tangu siku hiyo najiuliza kwanza: mchezo huu unaudai nini ubao wake?

Drafti haidai mengi. Miraba 64, nusu yake haikanyagwi kabisa, kete 12 kila upande. Kipande cha plaiwudi na maka pen vinatosha, na vizibo vya soda, upande mmoja mkavigeuza. Ila mraba usipungue sentimita 4. Kizibo kina zaidi ya 3, na vidole vyenye ganzi ya baridi ya Julai husukuma kete ya pili bila kujua. Ludo nayo inataka ukingo, dadu isikimbilie chini ya kabati. Karata hazina ubao. Sisi hutandika blanketi mezani zisiteleze, basi.

Bao ni habari nyingine. Kete zote 64 zinafanana, hakuna nyeusi wala nyeupe. Kete ni yako kwa sababu iko kwenye mashimo yako 16, na ikitekwa inageuka kuwa ya mwenzako bila kubadilika chochote. Kwa hiyo ubao wenyewe ndio unaosema nani ana nini. Shimo likivujisha, ushahidi umepotea, na hakuna atakayekumbuka mlikuwa wapi.

Ndiyo maana nasema tia mkono. Jaza shimo kete kumi na zaidi, kisha zichote kwa mara moja. Zikibaki mbili chini, shimo ni jembamba mno; zikimwagika, halina kina. Angalia pia nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji: iwe ya mraba, siyo duara kama mashimo mengine. Unaanza na kete 6 humo, na mgeni wa mchezo akikosa alama hiyo ataichezea kama shimo la kawaida.

Ubao uwe mkavu. Wa pili niliuchongesha kwa paini mbichi, ukapasuka katikati kiangazi kilipoingia. Wa tatu ni mninga. Ni mzito, na bei iliniuma, lakini nina miaka nao na haujapinda.

Kete ninazotumia ni komwe, mbegu ngumu za mviringo nilizoletewa kutoka Tanga. Kokoto za mtoni zinafaa kujifunzia, ila chagua zilizo laini na za ukubwa mmoja, na zioshe mchanga wote. Mchanga unakwaruza mashimo, na shimo lililokwaruzika linang'ang'ania kete unapochota haraka.