Maswali na majibu: mtoto anayechuchumia anapotembea, yaani anayetembea kwa ncha za vidole bila kukanyagia kisigino

*Shikamoo daktari. Binti yangu ana mwaka mmoja na miezi minne, ameanza kutembea juzijuzi na anachuchumia. Apewe dawa gani? (Newala)*

Marahaba. Hakuna dawa, wala haihitajiki. Watoto wengi huanza hivyo na kuacha kabla ya kutimiza miaka mitatu. Kama mmemnunulia kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, kiondoeni. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya ajali.

*Mwanangu anatembea kwa vidole. Nifanyeje? (Mtwara mjini)*

Swali la namna hii hunifikia kila mara, na kila mara halina umri wa mtoto. Ni mguu mmoja au yote miwili? Alianza hivyo tangu hatua ya kwanza, au alikuwa akikanyaga vizuri kisha akabadilika? Goti likiwa limenyooka, unyayo wake unakunjika kuelekea juu au unagoma? Mguu mmoja pekee, au mabadiliko ya ghafla, ni sababu ya kwenda hospitali, si ya kuniandikia.

*Je, huo si usonji? (Lindi)*

Kuchuchumia peke yake, hapana. Kama pia amechelewa kusema na haitiki akiitwa jina, apimwe.

*Wangu ana miaka sita. Hospitali wanataka afungwe hogo (ile plasta ngumu) miguu yote miwili, bibi yake anataka tumkande kwa mafuta, jirani anasema operesheni ndiyo inayomaliza kabisa. Tumsikilize nani? (Nachingwea)*

Hospitali, ikiwa wamekipima kifundo na kuona kano ya kisigino imefupika. Hogo hubadilishwa kila wiki moja au mbili, kwa kawaida kwa wiki nne hadi sita, na kila mara unyayo husogezwa juu kidogo huku mtoto akiendelea kutembea. Likitolewa, kazi inahamia kwenu: kunyoosha kano kila siku goti likiwa limenyooka, maana msuli mkubwa wa shavu la mguu huvuka goti, na ukilikunja unajisumbua bure. Bibi na akande, haidhuru, lakini mafuta hayarefushi kano. Mkiuziwa sindano ya kulegeza misuli ili kuongezea nguvu hogo, ulizeni kwanza faida yake, kwa kuwa utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013 haukuiona. Operesheni ina nafasi yake pale hogo linaposhindwa; kano ikirefushwa kupita kiasi, mtoto hubaki na mguu usio na nguvu ya kusukuma.

*Kijana wangu wa miaka minne ana mashavu ya miguu yaliyojaa kama mchezaji mpira, ila anachuchumia, anaanguka sana, na akiinuka hujishika mapaja. Tukiuza korosho tutampeleka. (Tandahimba)*

Msisubiri korosho. Mashavu hayo si nguvu. Dalili hizo kwa pamoja zinaweza kuwa ugonjwa wa kudhoofika misuli unaoitwa Duchenne, ambao huwapata zaidi wavulana, na hogo si tiba yake. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya Ligula, Mtwara, wiki hii, mkaombe kipimo cha damu cha kimeng'enya cha misuli, na mwelezeni daktari jinsi anavyoinuka kutoka chini.