Difu ya Peugeot 404 inataka oili gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Peugeot 404 ya mwaka 1967, naiendesha hapa Tanga. Fundi wangu wa gereji anataka kumwaga oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma) aweke oili ya gia ya daraja la GL-5 namba 90, ileile anayoweka kwenye Hilux. Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa dereva zamani, kanikataza. Anasema difu hizi zilitiwa mafuta ya nyonyo, na oili ya siku hizi "itaila" difu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Msikilize jirani, ila hiyo nyonyo yenyewe usiitie.

Fundi wako anafikiria difu ya Hilux, ambamo pinioni (gia ndogo) ya chuma cha pua inazungusha kraunwili (gia kubwa) ya chuma cha pua. Ya 404 haiko hivyo. Peugeot walifuata njia nyingine kwenye 203, kisha 403, kisha 404: shafti fupi ya chuma cha pua iliyochongwa kama skrubu nene, na hiyo skrubu inasukuma gurudumu la meno la bronzi. Muundo wenyewe ni wa zamani sana. Frederick Lanchester wa Birmingham aliutumia kwenye magari yake mwishoni mwa miaka ya 1890, na sifa yake kubwa tangu hapo ni ukimya. Tena ni imara: Bert Shankland na Chris Rothwell, vijana wa Dar es Salaam, walishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 mfululizo wakiwa na 404, katika matope na makorongo ya Afrika Mashariki.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo madifu mengi yanapouawa. Meno ya skrubu hayabingiriki juu ya meno ya gurudumu. Yanateleza muda wote, na kuteleza huzaa joto. Chuma cha pua juu ya chuma cha pua kingeng'ang'aniana, ndiyo maana gurudumu likawa la bronzi. Bronzi ni shaba na bati. GL-5 ina dawa nyingi ya salfa na fosforasi, ambayo ikipata joto hujibandika kwenye chuma cha pua na kukilinda. Kwa Hilux ni kinga nzuri kabisa. Kwenye bronzi, salfa inaishambulia shaba, inafanya utando mweusi, na kila meno yanapoteleza utando ule unabanduka na chembe za bronzi. Mzee aliposema "itaila", alisema sawasawa.

Na nyonyo hakuiota. Mafuta ya mbarika, ndiyo hiyo nyonyo, yanateleza ajabu, na magari ya mashindano ya zamani yaliyapenda; hata jina la Castrol, lililoanza mwaka 1909, limetokana na jina la mafuta hayo kwa Kiingereza. Lakini yakikaa kwenye joto yanaganda kama ulimbo, wala hayapatani na oili ya madini iliyobaki ndani.

Tafuta oili ya gia za skrubu za viwandani, uzito wa ISO 460, iliyochanganywa na mafuta ya asili na isiyo na dawa ya EP, yaani ile ya salfa na fosforasi. Wauzaji wa vilainishi vya mitambo wanaijua. Uzito wake unakaribiana na SAE 140. Hiyo namba 90 ya fundi wako ni nyepesi zaidi.

Ukiwa na shaka na oili uliyouziwa, ijaribu. Menya waya wa umeme wa shaba, usugue kwa msasa mpaka ung'ae, uutumbukize kwenye kichupa cha kioo chenye oili hiyo. Kiache wazi, kisimamishe kwenye sufuria kuukuu ya maji yanayochemka kwa saa tatu, na angalia maji yasiingie ndani. Utoe, uufute. Ukibaki na rangi ya shaba, tia. Ukiwa mweusi, rudisha dukani.

Siku ya kumwaga, endesha kwanza nusu saa oili ipate moto. Fungua nati ya kujazia kabla ya nati ya kumwagia, usije ukabaki na difu tupu na nati iliyogoma. Kinga oili kwenye beseni jeupe, uitazame juani. Vumbi laini la dhahabu ni uchakavu wa kawaida wa umri ule. Vipande unavyovisikia kwa vidole ni habari nyingine: usiendeshe, difu ifunguliwe. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika tundu la kujazia, gari likiwa limesimama sawa. Na fundi wako asiiguse giaboksi kwa oili ya difu. Giaboksi ya 404 inatiwa oili ya injini.

Ukimaliza, mpandishe yule mzee kiti cha nyuma mwende mpaka Muheza na kurudi, redio imezimwa. Difu hii ikiwa nzima haisikiki kabisa. Akisema anasikia mlio, niandikie ni kwa mwendo gani, na kama unabadilika ukiachia pedeli ya mafuta.