Kwa nini mama lishe hanunui jiko banifu?

SWALI: Mimi ni fundi wa majiko banifu, yaani yanayotumia mkaa kidogo, hapa Morogoro. Kila nipitapo kwa mama lishe wa stendi huwaeleza jinsi mkaa unavyomaliza misitu, nao hunisikiliza kwa heshima, hata chai hunikaribisha, lakini hawanunui. Amenunua mmoja tu, naye hakuniuliza lolote kuhusu misitu. Ni nini hasa kinachomsukuma mfanyabiashara mdogo abadilike?
Fundi, Morogoro

JIBU: Ndugu fundi, nadhani huyo mmoja alipiga hesabu ya mkaa. Mama lishe wengi hawanunui gunia; hununua mkaa wa kupima, kwa kopo au kwa sado, kila asubuhi, kwa fedha ya mauzo ya jana, na kwa hiyo jiko linalopunguza sado moja humpa faida anayoiona jioni ile ile. Hata lile jiko la Kenya lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand, wakazi wa mijini walilipendea kupunguza matumizi ya mkaa.

Kinachowazuia wengine ni kwamba bei ya jiko hulipwa kwa mkupuo ilhali akiba huja kidogo kidogo, na pia ni hofu: udongo ukipasuka saa tano asubuhi, maharage hayajaiva na makondakta wamekwisha kukaa kwenye benchi, hasara ni yake peke yake. Hofu hiyo si ujinga. Mwachie jiko wiki moja alijaribu, kisha akulipe kwa siku, au afike kwako zamu yake ya kupokea mchezo, ile fedha wanayochangiana, itakapowadia.

Sheria nayo husukuma, na kwa namna yake. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, wenye magenge hawakungoja kwanza waipende bahari. Waliacha kwa kuwa jirani naye alilazimika kuacha, hivyo hapakuwa na wa kumnyang'anya mwenzake wateja. Kwa upande wa mkaa, agizo la serikali la kuacha kuni na mkaa ifikapo Januari 2024 liliwalenga wanaolisha watu zaidi ya 100, kama vile shule na magereza, wala si kibanda cha stendi. Hata hivyo, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na sitakuficha kwamba baadhi ya wateja unaowabembeleza leo watalipita jiko lako na kwenda moja kwa moja kwenye gesi.

Kwa sasa, rudi kwa yule aliyenunua. Muulize anatumia sado ngapi, kagua udongo kama una ufa, kisha umwombe akuruhusu kuwaleta wenzake wawili saa ambayo sufuria ya maharage iko jikoni.