Vanishi haipulizwi masika

Jumamosi kijana mmoja alinijia na Sherman tatu, vile vifaru vidogo vya plastiki tunavyounda na kupaka rangi, zimefungwa kwenye gazeti. Akalifungua taratibu, haniangalii usoni. Vifaru vyote vitatu vyeupe, ukungu mtupu. Sikuwa na haja ya kumuuliza alifanya nini. Wadogo zangu, haya tulishayasema, na leo nayasema tena.

1. Osha sipru, ile fremu ya plastiki inayoshika vipande, kwa sabuni ya vyombo kabla ya gundi. Praima, rangi ya msingi, inabanduka kwa sababu ya yale mafuta ya kiwandani, usiilaumu bure.

2. Vanishi ya mkebe wa kupuliza, hasa isiyong'aa, haipatani na unyevu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na T-34 kumi za kipimo cha 1/72, kazi ya miezi minne. Nimezipaka kijani, nimezipiga woshi, rangi ya majimaji inayoingia mifereji, nimepitisha brashi kavu kwenye kingo, namba za mnara nimezibandika moja moja kwa kibano. Mechi ya vifaru vyetu Jumapili. Ijumaa jioni, mwezi wa tano, mvua ikakatika kidogo, nikapanda darini pale Kibokoni na mkebe wangu. Sakafu bado imelowa. Leso za jirani zimeanikwa tangu juzi na hazijakauka, nami nikazipita kwa kuinamisha kichwa. Nikapuliza zote kumi kwa mkupuo mmoja, nikashuka kuswali Magharibi. Niliporudi na tochi zilikuwa kama zimemwagiwa unga wa muhogo, mpaka katikati ya minyororo. Nikasugua kwa kidole. Ukungu haukutoka, ikatoka dekali, zile namba za kubandika. Nilikaa chini palepale hadi Isha ikaadhiniwa. Vanishi ya kung'aa, kwa brashi, ilinirudishia sita. Nne nilizivua rangi nikaanza upya, na mechi ile sikwenda.

Sababu yake ni hii: kiyeyusho kikiruka haraka, uso wa rangi unapoa, unyevu wa hewa unageuka umande juu yake na kunaswa humo. Kwa hiyo masika yote mimi natumia vanishi ya maji, kwa brashi, ndani ya nyumba. Mkebe unangoja siku kavu za kaskazi, Januari au Februari, na hata hapo kipande cha sipru ndicho kinachopulizwa kwanza. Leso ya asubuhi ikiwa bado mbichi adhuhuri, mkebe ubaki kabatini.

3. Tabaka mbili nyepesi, kamwe si moja nzito.

4. Someni tarehe kabla ya kuchagua rangi. Kuna aliyeniletea Panther ya kijivu, imepakwa vizuri mno, roho ikaniuma kumwambia. Panther iliingia vitani Kursk, Julai 1943, na Wajerumani walishahamia Dunkelgelb, manjano iliyokolea, tangu Februari mwaka huohuo. Kijivu kile ni cha Panzer III za 1941 kule Urusi.

Wewe wa Sherman, usizivue rangi bado. Njoo Alhamisi baada ya Alasiri na brashi pana, laini. Vanishi ya kung'aa ninayo.