Usile Chipsi Kavu Unguja: Kwa Wenzangu Tusiogusa Chochote cha Mnyama

Dada mmoja ameniandikia kwamba anakwenda harusini Unguja, naye kama mimi ni vigani: hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Ameshafungasha biskuti na karanga za kumtosha safari nzima. "Kule si ni pweza na biriani tu?" ananiuliza. Hapana, dada yangu. Sijapata mji ulionishibisha kama Mji Mkongwe, na siandiki haya kwa kusikia.

Lakini mara ya kwanza niliumia, lazima niseme. Kwenye hoteli niliyofikia nilieleza mapema, mhudumu akaitikia vizuri, kisha akaniletea pilau iliyochambuliwa nyama ikatolewa. Wali wenyewe umeivia ndani ya supu ya ng'ombe! Nilipoirudisha, ndugu yangu niliyesafiri naye akasema mbele ya watu wote, "Mwacheni, huyo kaamua kujitesa." Wakacheka. Nikapanda chumbani nikalala na njaa. Ile kauli inaniuma hadi leo, maana aliyeitoa ni mtu ninayempenda.

Asubuhi nilitoka peke yangu hadi Darajani. Karibu na soko palikuwa na mama anauza mandazi, mbaazi za nazi na chai ya rangi. Nikamwamkia, akanipa kigoda, nikamwuliza mandazi ameyakandia nini. "Tui, mwanangu, na iliki. Wengine wanatia maziwa ya unga, mie sitii." Nilikula pale mpaka nikaona aibu kuongeza tena. Na hapo ndipo mji ule uliponifungukia: upishi wa pwani umesimama juu ya nazi. Penye maziwa kwa wengine, wao wana tui. Vitumbua ni mchele na tui. Maharage, mchicha, kisamvu, ndizi mbichi, muhogo, shelisheli, vyote wanaviunga kwa nazi. Hicho ni chakula chao cha kila siku, hakuna aliyekibuni kwa ajili ya mgeni mwenye masharti.

Halafu kuna urojo. Rojo la manjano lenye ukali wa embe bichi au ndimu, ndani yake viazi, bhajia za dengu, kachori, chatne ya nazi, juu chipsi za muhogo na pilipili. Mwambie muuzaji kabla hajachota: usinitilie yai wala mishkaki. Bakuli moja la jioni linatosha kukufanya usahau hoteli.

Kinachotunasa wengi ni vile visivyoonekana. Kisamvu huenda kimetiwa dagaa au papa mkavu. Mkate wa kumimina na mkate wa ufuta huenda vina yai. Halua ina samli, na chapati nazo mara nyingi. Migahawa ya Kihindi isiyopika nyama itakuvutia, lakini kule samli na mtindi viko kila mahali. Forodhani, kwenye bustani ya pwani wanapouza vyakula usiku, muhogo na ndizi huchomwa jirani na pweza, kwa hiyo omba upande wa jiko ulio safi, kisha kamilisha kwa maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Ukipita Jaws Corner, kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe, kahawa chungu na kashata za njugu ni zako.

Neno vigani usilitegemee. Taja vitu vyenyewe kimoja kimoja: nyama, samaki, dagaa, supu, yai, maziwa, samli. Na umwulize anayepika, maana mhudumu hukujibu ili uridhike. Narudia, mwulize anayepika.

Na tuache kujificha. Wangapi kati yetu tunakula nyama ugenini "ili tusiwaudhi watu", kisha tunarudi nyumbani na dhamiri iliyochafuka? Mnyama anayechinjwa Unguja anaumia sawa na wa kwetu bara. Anayekucheka leo hajui ulichokiona wala ulichokiapia, na huwajibiki kumridhisha. Simama.

Kuhusu harusi yenyewe, usisubiri sinia liwekwe mbele yenu, kwa sababu mkishalizunguka na wenzako utaonekana unawasusia. Nenda siku moja kabla, wanawake wanapokusanyika kumenya vitunguu na thomu. Waamkie wakubwa, kaa kwenye mbuzi ukune nazi pamoja nao, na mazungumzo yakinoga ndipo uwaeleze. Pilau usiiombe, maana wali na nyama huiva chungu kimoja. Wali wa biriani hupikwa mbali na rojo lake, ila uulizie samli. Mimi niliomba wali wa nazi na mbaazi. Bibi aliyesimamia jiko aliniwekea sufuria ndogo pembeni, akakataza mtu mwingine yeyote asiitie mwiko.