Usilipie kesi ya saa kabla mashine yake haijafika mkononi mwako

Mkuu, futa hiyo oda. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba uko Lindi mjini na unataka kujiundia saa ya mkono ya mtindo wa zamani: uso mweupe wa enameli, mishale ya bluu, sekunde ndogo, yaani kile kiduara cha sekunde, ikae chini penye namba 6. Kesi, yaani ganda la nje, ya milimita 42 umeshaipata, unailipia Ijumaa, na mashine, yaani mtambo wa ndani, "nitaangalia hela ya korosho ikitoka". Ukauliza mkanda gani wa ngozi utafaa, kioo kiwe cha plastiki au kioo chenyewe, na kama fundi wa hapo mjini anaweza kufunga. Hapo kwenye kesi nimerudia kusoma mara tatu na moyo umeniuma. Miaka miwili iliyopita, nikiwa hapa Mtwara, mimi nilifanya hivyo hivyo na nikapoteza laki sita na ishirini.

Mashine kwanza. Iwe mezani kwako, umeishika, umeipima. Kisha uso. Kesi ndiyo ya mwisho. Mtu yeyote akikuambia vinginevyo, muulize ameshafunga saa ngapi kwa mkono wake.

Baba yangu alikuwa na saa ya kutia ufunguo. Alfajiri, kabla hajaenda bandarini, alisimama mlangoni akaizungusha, na sisi watoto bado tumelala tukasikia ile krrr, krrr. Saa yenyewe ilipotea zamani. Nilitaka nyingine inayofanana nayo, na nilipoiona ile kesi, yenye masikio ya waya ya kushikia mkanda, kama saa za mkono za wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kifundo cha kutilia ufunguo cha mviringo kama kitunguu, nililipa siku hiyo hiyo. Sikuwa na mashine. Sikuwa na uso. Nilikuwa na picha tu kichwani.

Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji, kwa maandishi, kesi inachukua mashine gani. Akanijibu: "6497 na 6498 zote zinaingia boss, uso wowote." Hayo maneno mawili ya mwisho, uso wowote, mpaka leo nikiyakumbuka napandwa na hasira. Mtu aliyewahi kufunga saa hata moja hawezi kuyaandika. Yeye aliyaandika kwa sababu alitaka mzigo utoke, na nilipomrudia akanyamaza, kisha akanifungia namba.

Ngoja nieleze ni kitu gani hakusema. 6497 na 6498 ni mashine za Unitas ya Uswisi, baadaye zikawa za ETA, na kiwanda cha Sea-Gull cha Tianjin, China, kinatengeneza za kufanana nazo zinazoitwa ST36. Asili yake ni saa za mfukoni, kwa hiyo ni kubwa: upana milimita 36.6, unene 4.5. Vipimo hivyo vinafanana kwa zote mbili, ndiyo maana wauzaji wanasema zote zinaingia. Na kweli zinaingia. Ila 6497, kifundo kikiwa penye 3, sekunde ndogo inakaa penye 9. Kwenye 6498 inakaa penye 6. Ukitaka kuilazimisha 6497 iwe na sekunde penye 6 lazima uigeuze robo duara, na hapo kifundo kinapanda penye 12, umerudi kwenye saa ya mfukoni. Na ile miguu miwili myembamba nyuma ya uso, inayoingia kwenye matundu ya mashine, kila namba ina mahali pake. Kwa hiyo wewe unayetaka sekunde chini, mashine yako ni 6498 au ST36 ya mpangilio huo. Hilo mimi sikulikosea. Nililisoma, nikaagiza sawasawa, nikajiona nimemaliza kazi.

Kilichonimaliza ni nusu milimita.

Fikiria kesi ikiwa imelala kifudifudi, mfuniko wa nyuma umeondolewa. Ndani kuna ukingo. Uso unakaa juu ya ukingo huo, na mashine inakaa mgongoni mwa uso. Ubavuni mwa kesi kuna tundu ambamo kijiti kinapita, yaani ule msumari mwembamba unaotoka kwenye mashine hadi kwenye kifundo cha kutilia ufunguo. Tundu halisogei. Kwa hiyo unene wa uso ndio unaoamua kama kijiti kitatazamana na tundu au la. Kesi yangu ilichongwa kwa ajili ya uso wa shaba wa milimita 0.4. Mimi nilinunua uso wa enameli, wa kuchomwa, kama yale mabakuli meupe ya zamani. Nilikuja kuupima baadaye: 0.9. Mashine ikasukumwa nyuma nusu milimita, na kijiti kikawa kinaingia kwenye tundu kimeinama.

Nusu milimita kwa macho huioni. Unaisikia kidoleni. Kifundo kilizunguka kwa uzito, kikikwaruza, nikajiambia ni upya, kitalainika. Hakikulainika. Nikaipeleka kwa fundi mmoja sokoni, naye akasema ni jambo dogo, atapanua tundu. Nilidhani atatoa mashine kwanza. Alipiga tupa mashine ikiwa ndani! Unga wa chuma ukaingia kwenye magurudumu, na kimrija kinachozuia unyevu kikaondoka pamoja na huo unga. Simtetei, lakini yeye aliletewa tatizo. Aliyelianzisha ni yule wa "uso wowote".

Huku kwetu unaijua hewa. Mimi nakaa karibu na maji, kazi yangu inanipeleka Mikindani mara kwa mara, na msimu wa mvua hata chumvi ya mezani inageuka uji. Saa yenye tundu wazi ubavuni haiwezi kuishi hapa. Ilipofika Machi kifundo kilianza kuzunguka bure. Nilipofungua, vyuma vidogo vinavyoshika kijiti vilikuwa vyekundu kwa kutu.

Na bado sijafika kwenye uso. Ile nusu milimita inakupiga mara mbili. Katikati ya mashine kuna kibomba kinachotokeza juu ya uso, ndicho kinachobeba mshale wa dakika. Uso ukiwa mnene, kibomba kinatokeza kidogo, na mshale unashika kwa ncha tu. Wangu ulilegea nikiwa harusini, ukaning'inia ukionyesha nusu saa usiku mzima. Nilipofika nyumbani nikaubonyeza ukae. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi. Enameli ikalia tik, na ufa ukatoka kwenye tundu la katikati hadi penye 4. Enameli haiungwi. Uso peke yake ulikuwa laki mbili na arobaini, na ndicho kitu pekee kwenye saa ile kilichofanana kweli na ya baba.

Jumlisha mwenyewe: uso 240,000, mashine 190,000, kesi 160,000, fundi 30,000. Anayetaka kucheka acheke, ila apime ya kwake kwanza.

Sasa fanya hivi. Nunua vernia kalipa, kile kipimo chenye taya cha kupimia milimita, hata ya bei ndogo. Mashine ikifika, pima kutoka sehemu inayokaa uso hadi katikati ya kijiti. Ongeza unene wa uso. Jibu unalopata ndilo kimo cha tundu unachotakiwa kukidai kwenye kesi, kutoka ukingo wa ndani hadi katikati ya tundu. Muuzaji asiyeweza kukupa kipimo hicho kwa milimita, achana naye, hata kama kesi yake inang'aa kama fedha. Ukiwa na kesi mkononi unaweza kuhakikisha mwenyewe: ingiza ncha ya keekee inayotosha kwenye tundu, itokeze hadi ndani. Kwa upande wa mgongo pima kina hadi kwenye ukingo, kisha kina hadi kwenye hiyo ncha. Toa cha pili kwenye cha kwanza, halafu toa nusu ya unene wa ncha. Dakika tano. Mimi sikuzitumia.

Tena ujaribu kila kitu kikiwa kikavu, bila mishale na bila gundi, kabla hujakata kijiti. Kijiti huja kirefu na hukatwa kidogo kidogo. Ukizidisha umenunua kingine. Wapo watakaokushauri ukate miguu ya uso na ubandike kwa vibandiko. Usikubali. Unyevu wa huku utavilegeza na uso utazunguka.

Mishale nayo inafuata mashine, hapa hakuna maelewano. Kwa 6498 tundu la mshale wa saa ni milimita 2.00 na la dakika 1.15. Mishale mingi mizuri ya bluu utakayoona inauzwa ni ya mashine ndogo, 1.50 na 0.90, na hiyo hata ukiibembeleza haiingii. Usiipanue kwa pini.

Mimi nimeanza upya. Safari hii ST36 ilikaa mezani kwangu wiki nne nikiipima kabla sijatoa hata shilingi ya kesi. Nimechagua uso wa shaba uliopakwa rangi nyeupe, 0.4, kwa sababu sitaki tena enameli mpaka nipate kesi iliyochongwa kwa ajili yake. Asubuhi hii nimeifunga. Kifundo kinazunguka laini, krrr, krrr.

Ijumaa ni keshokutwa. Mwandikie huyo muuzaji usiku huu umuulize kitu kimoja tu: kutoka kwenye ukingo hadi katikati ya tundu ni milimita ngapi? Bandika jibu lake hapa hapa kwenye uzi, pamoja na unene wa uso unaoutaka, nami nitakuhesabia kabla hujalipa.